Maneno ya Kifaransa katika Nyimbo Zetu: Yametoka Wapi?



Mtu akipita karibu na kanisa jioni ya Jumamosi, wakati korali inapojizoeza nyimbo za Misa ya kesho, atasikia Kiswahili kimechanganyika na maneno mengine. Mwalimu wa nyimbo anapaza sauti: «Tuanze tena kwenye mesure ya tano! Msisahau soupir! Sauti ya kwanza, angalieni bémol!» Maneno hayo ni ya Kifaransa. Yalifika kwetu pamoja na shule, seminari na vitabu vya nyimbo, zamani za utawala wa Wabeleji, nayo yamebaki hata baada ya uhuru wa mwaka 1960. Twayatumia kama tunavyotumia jembe, pasipo kuuliza ni nani aliyelifua.

Tumeona vema tuulize. Hatutaki kuonyesha elimu. Twauliza kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe, ambalo hatuwezi kulikumbuka bila aibu.

Katika korali tunayoifundisha alikuwamo mama mmoja mjane, mtu mzima, ambaye ameimba kanisani tangu usichana wake. Kyrie, Gloria na Credo za Kilatini anazijua zote, hata zile ambazo vijana hawajazisikia kamwe. Lakini hakusoma solfège. Jioni moja tuliandika noti ubaoni, tukawaita waimbaji mmoja mmoja wazitaje. Zamu yake ilipofika alisimama, akautazama ubao, akanyamaza. Vijana wakacheka. Nasi, badala ya kuwakemea, tukasema: «Asiyejua solfège anawachelewesha wenzake.» Mama hakujibu neno. Dominika iliyofuata tulimwona ameketi nyuma kabisa, pamoja na akina mama wengine, na sauti ya pili ya korali ikayumba toka mwanzo wa Misa mpaka mwisho.

Basi tukajiuliza: maneno haya tuliyoyafanya kuwa mlango wa kumfungia mtu nje, yalitungwa na nani, na kwa ajili gani? Tukafungua vitabu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. Do, ré, mi: wimbo wa Mtakatifu Yoane

Wengi hudhani kwamba do, ré, mi, fa, sol, la, si ni maneno yaliyobuniwa na Wafaransa. Sivyo. Wafaransa nao waliyapokea, na asili yake ni katika Eklezia.

Karibu na mwaka 991 alizaliwa mtu jina lake Guido. Akawa mtawa wa Mtakatifu Benedikto katika monasteri ya Pomposa, huko Italia, karibu na mji wa Ferrara. Zamani zile nyimbo za Misa na za sala za watawa zilikuwa nyingi mno. Vitabu vilikuwa na alama ndogo juu ya maneno, zikionyesha kwamba sauti inapanda au inashuka, lakini mara nyingi hazikuonyesha wazi inapanda kiasi gani. Mwimbaji asiyeujua wimbo tayari hakuweza kuutoa kitabuni. Ilimbidi kumsikiliza mwalimu na kurudia, miaka na miaka. Guido mwenyewe aliandika kwamba hata baada ya miaka kumi, elimu ya mwimbaji wa namna hiyo ilikuwa haijatimia.

Guido alikuwa akifundisha watoto kuimba. Akatafuta njia iliyo fupi, akafanya mambo mawili. Kwanza alichora mistari, na kila alama akaiweka juu ya mstari au kati ya mistari miwili, hata jicho likaweza kuona sauti inakokwenda. Mstari wa fa aliupaka rangi nyekundu, na ule wa do rangi ya manjano. Pili, alichukua wimbo wa Kilatini uitwao Ut queant laxis, ambao huimbwa tarehe 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtakatifu Yoane Mbatizaji. Kwa desturi husemwa kwamba ulitungwa na Paulo Shemasi, mtawa wa karne ya 8. Vipande sita vya kwanza vya wimbo huo vinapanda kama ngazi: kila kipande kinaanza sauti moja juu ya kile kilichotangulia. Guido akachukua silabi ya kwanza ya kila kipande, akapata ut, re, mi, fa, sol, la. Mtoto aliyeujua wimbo mmoja tu aliweza sasa kuitafuta sauti yoyote kwa kukumbuka mahali pake katika wimbo ule.

Tena angalieni jinsi wimbo wenyewe unavyofaa. Ndani yake waimbaji wanamwomba Mtakatifu Yoane asafishe midomo yao, wapate kuyaimba matendo yake vizuri. Nasi twajua kwa Injili ya Luka kwamba Zakaria, baba yake Yoane, alikuwa bubu mpaka mtoto alipozaliwa na kupewa jina, ndipo ulimi wake ulipofunguka.

Watawa wenzake wa Pomposa walimwonea wivu. Guido akahamia Arezzo kwa askofu Theodald, na ndiyo sababu twamwita Guido wa Arezzo. Sifa zake zikafika Roma. Papa Yohane XIX, aliyeongoza Eklezia tangu mwaka 1024 hata 1032, akamwita. Akakifungua kitabu cha Guido, akajaribu, wala hakuinuka kitini pake mpaka alipoweza kuimba mstari mmoja ambao hakuwa ameusikia kamwe. Guido akasema kwamba kwa njia hiyo mtu ataweza kujifunza kwa mwaka mmoja, au miwili ikizidi, yale ambayo zamani hakuyamaliza kwa kumi.

Sauti ya saba ilipata jina nyuma sana. Iliitwa si, kwa herufi mbili za kwanza za jina la Mtakatifu Yoane kwa Kilatini, S na I. Na kwa kuwa ut ni silabi inayofunga kinywa, katika karne ya 17 Waitalia walizoea kusema do. Wafaransa walipokea do katika kuimba, lakini ut hawakuitupa: hata leo husema «clef d'ut» na «ut majeur». Msomaji akikutana na maneno hayo asibabaike. Ut na do ni sauti moja.

2. Ngazi, ufunguo na ndoana

Tukisha kuzijua sauti, tutazame sasa jinsi zinavyoandikwa. Hapa maneno ya Kifaransa ni ya nyumbani kabisa.

Gamme ni ngazi ya sauti, toka do mpaka do. Kabla ya silabi za Guido sauti ziliitwa kwa herufi A, B, C, hata G. Sauti ya chini kuliko zote iliandikwa kwa herufi ya Kigiriki gamma. Ikawa jina la kidato cha kwanza limeitwa jina la ngazi nzima.

Portée ni ile mistari mitano, au minne katika vitabu vya wimbo wa kigregoriani. Neno hilo latoka katika porter, maana yake kubeba. Ni mistari inayobeba noti.

Clef ni ufunguo, ule ule wa mlango. Mwandishi wa zamani aliandika herufi mwanzoni mwa mstari, ili mwimbaji ajue sauti gani inakaa hapo. Herufi hizo zilipambwa karne kwa karne mpaka zikasahaulika sura yake. Clef de sol, ile inayojisokota kama mmea utambaao, ilikuwa G. Clef de fa ilikuwa F, na clef d'ut ilikuwa C.

Noti nazo ziliitwa kama mtoto angeziita. Ile ya duara huitwa ronde, yaani ya mviringo. Ile nyeupe yenye mguu huitwa blanche, nyeupe. Ile nyeusi huitwa noire, nyeusi. Ile yenye kijipembe kilichopinda huitwa croche, jamaa ya neno lenye maana ya kulabu. Wavuvi wetu wa ziwa Tanganyika wangeiita ndoana mara moja. Zamani noti zote zilijazwa wino mweusi. Ni katika karne ya 15 waandishi walipoanza kuziacha wazi nyingi kati yake. Ronde moja yatosha blanche mbili, au noire nne, au croche nane. Ni hesabu ya kugawanya mkate, wala hakuna siri nyingine.

Lakini neno tulipendalo kuliko yote ni soupir. Katika Kifaransa cha kila siku soupir ni kule kushusha pumzi kwa mtu aliyechoka au mwenye huzuni. Katika wimbo ni alama ya kunyamaza kwa muda wa noire moja. Kijana mmoja wa sauti ya nne, aliyekuwa amejifunza neno hilo shuleni, alipofika kwenye alama hiyo alishusha pumzi kweli kweli, hata walio nje wakamsikia. Tulicheka sana. Walakini hakukosa mbali. Wafaransa wa kale walijua kwamba mwimbaji ni mtu mwenye mapafu, wakaona kimya kifupi chafaa kuitwa kwa jina la pumzi. Kilicho nusu yake huitwa demi-soupir, na kimya cha ronde nzima huitwa pause. Kimya nacho ni sehemu ya wimbo, nacho hupimwa kama sauti.

3. Bémol: neno laini

Bémol ni alama inayoshusha noti nusu sauti. Asili yake ni «b mol», yaani b laini. Katika karne za kati ile sauti tunayoiita si, wao wakiandika b, iliweza kuimbwa kwa namna mbili. Ikiwa imeshushwa, waliandika b ya mviringo, wakaiita laini. Isiposhushwa, waliandika b ya pembe nne, b carré, ndiyo bécarre yetu. Alama zile mbili za leo ni watoto wa herufi moja. Dièse, inayopandisha noti nusu sauti, ina ukoo mwingine: yatoka kwa Wagiriki.

Wafaransa wamelitoa neno bémol katika wimbo wakaliingiza katika maongezi. Mtu akisema jambo kwa ukali kupita kiasi, mwenzake humwambia aweke bémol, maana yake apunguze, alainishe. Tulipolisoma hilo tulikumbuka neno letu kwa yule mama. Bémol moja ingalitosha siku ile.

4. Mesure, na fimbo ya Bwana Lully

Mesure ni kipimo. Katika wimbo ni kile chumba kidogo kati ya vijiti viwili, ambamo mapigo ni mawili, matatu au manne. Lakini Wafaransa hutumia neno lilo hilo kwa maana ya kiasi: mtu atendaye «avec mesure» ni mtu asiyepita mpaka. Kupiga mesure, «battre la mesure», ni kuwaongoza waimbaji kwa mkono au kwa fimbo.

Historia inatupa hapa mfano wa kusikitisha. Jean-Baptiste Lully alizaliwa Firenze, Italia, mwaka 1632, akahamia Ufaransa angali kijana, akawa mkubwa wa muziki wote wa mfalme Louis XIV. Zamani zile kiongozi alipima mapigo kwa kugonga sakafu kwa fimbo ndefu. Mwaka 1687, mwezi wa Januari, Lully alikuwa akiongoza Te Deum mjini Paris, kumshukuru Mungu kwa kuwa mfalme amepona ugonjwa. Akaipiga fimbo kwa nguvu, ikampata kwenye kidole cha mguu. Kidonda kikaoza. Waganga wakataka kumkata, akakataa. Akafa tarehe 22 Machi mwaka ule ule.

Hatusemi hivyo kumcheka marehemu, maana alikuwa fundi mkubwa. Ila kila mwenye fimbo ya kuongoza na aangalie mahali inapoangukia. Yetu iliangukia moyo wa mtu.

5. Chapelle: joho la Mtakatifu Martini

Sisi makatekista tunaoongoza sala vijijini twalitaja neno chapelle kila siku. Ni nyumba ndogo ya sala. Lakini Wafaransa humwita mwalimu wa nyimbo za kanisa «maître de chapelle», na wimbo usiofuatana na kinanda husemwa kuwa unaimbwa «a cappella». Nyumba na wimbo vina uhusiano gani?

Mtakatifu Martini alikuwa askari na mkatekumeni, hajabatizwa bado. Siku moja ya baridi kali, langoni mwa mji wa Amiens, alimkuta maskini aliye uchi. Hakuwa na kitu isipokuwa silaha na joho lake. Akachomoa upanga, akalikata joho vipande viwili, akampa maskini nusu. Usiku akamwona Kristu katika ndoto amevaa nusu ile. Baadaye Martini akawa askofu wa Tours, akafariki mwaka 397.

Wafalme wa Wafranki walilitunza joho lake kama mali takatifu. Kwa Kilatini joho ni cappa, na joho dogo ni capella. Mahali lilipowekwa pakaitwa capella, chapelle kwa Kifaransa, na mapadiri walioliangalia wakaitwa chapelains. Waimbaji wa nyumba ya sala ya mfalme nao wakaitwa chapelle, na mkubwa wao maître de chapelle. Ndivyo joho alilogawana Martini na maskini lilivyoipa jina nyumba ya Mungu na korali yake. Tukijua hayo, je, twaweza kuifanya korali kuwa mahali pa kumvua mtu heshima yake?

6. Chœur, cœur na accord

Yako maneno mawili ambayo mwanafunzi wa Kifaransa hukosea kuyaandika, kwa kuwa yanasikika sawasawa: chœur, yaani kundi la waimbaji, na cœur, yaani moyo. Hayana asili moja. Chœur yatoka katika neno la Kigiriki khoros, na maana yake ya kwanza ilikuwa kundi la watu wanaocheza ngoma na kuimba pamoja. Wale wanaoona haya korali ikisogeza miguu wakati wa Gloria, wakumbuke kwamba jina la korali lenyewe lilizaliwa katika ngoma. Nayo Roma iliikubali mwaka 1988 Misa kwa majimbo ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, ambamo kucheza mbele ya Bwana kuna mahali pake.

Cœur yatoka katika Kilatini cor, moyo. Na kwa mtu aliyeshika wimbo bila kitabu, Wafaransa hawasemi kwamba hajui kusoma. Wanasema anaimba «par cœur», kwa moyo. Ndivyo alivyoimba yule mama: par cœur.

Kutoka katika cor limetoka pia neno accord. Watu wa Kongo husema «d'accord!» kila saa, hata asiyejua Kifaransa. Maana yake ni mapatano, mioyo iliyokaribiana. Katika muziki accord ni sauti mbalimbali zinazolia pamoja, kama do, mi na sol. Angalieni: do haigeuki kuwa mi, wala mi haigeuki kuwa sol. Kila moja hukaa mahali pake, na uzuri hutokea kwa kuwa hazifanani. Korali yenye wasomaji peke yao haijawa accord bado.

7. Guido wa Kamina

Labda msomaji atauliza: je, korali yaweza kwenda mbele kwa watu wanaoimba par cœur? Jibu liko katika nchi yetu wenyewe. Padiri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubeleji mwenye jina sawa na yule mtawa wa Arezzo, alikusanya watoto na walimu huko Kamina, Katanga. Kundi lake liliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Troubadours walikuwa watunga nyimbo wa kusini ya Ufaransa katika karne ya 12 na ya 13. Jina lao latoka katika trobar, neno la lugha yao lenye maana ya kupata na kutunga. Nao wale wa Kamina walitunga kweli. Walichukua maneno ya Kilatini ya Misa, wakayaimba kwa namna ya nyimbo za kwao, wakijibizana na kusikilizana, pasipo kuandika kwanza noti moja karatasini. Ndiyo Missa Luba, iliyoimbwa mwaka 1958 katika kanisa la misioni ya Kamina, na mwaka ule ule waimbaji wake wakasikiwa Ulaya. Walioijaza noti karatasini walikuja baada ya walioiimba.

Hatusemi kwamba solfège haina faida. Guido wa Arezzo alitufanyia wema mkubwa, na vijana wetu na waisome kwa bidii, maana kwa hiyo wataweza kuimba nyimbo za nchi ambazo hawajafika. Lakini yeye aliitunga iwe njia ya mkato kwa wadogo. Ufunguo, ndoana, pumzi, joho, moyo: maneno haya yote yalikuwa ya watu wa kawaida kabla hayajawa ya mabingwa. Mwalimu anayeyatamka bila kuyafungua amewapa watu sanduku, akabaki na ufunguo mfukoni.

Tulikwenda nyumbani kwa yule mama siku ya Jumanne jioni. Tukamkuta anapepeta mchele. Tukasema: «Mama, tulikukosea mbele ya watoto. Twaomba utusamehe.» Akatupa kiti. Akaendelea kupepeta kitambo, kisha akauliza: «Mwalimu, ile soupir mnayoisema siku zote, ni kitu gani?» Tukamweleza. Akacheka kidogo, akasema: «Ile naijua. Ni pale tunapovuta pumzi kabla ya Christe eleison. Marehemu mama yangu ndiye aliyenionyesha.»

Jumamosi alirudi mahali pake. Siku hizi, kabla hatujaandika neno la Kifaransa ubaoni, twaeleza kwanza maana yake kwa Kiswahili. Tena kila wimbo wa zamani twauanza kwa kumsikiliza yeye, vijana wakiandika noti jinsi anavyoimba. Wamegundua kwamba si kazi rahisi.